Fila za Miaka Iliyopita: Altrasaundi Yaweza Kutuambia Nini?

Barua nne za mwezi huu zimetoka Mombasa, na zote zinahusu zile sindano za kujaza uso ambazo wengi wetu huziita fila. Majina ya walioandika yamehifadhiwa. Nimeitanguliza barua ndefu kuliko zote, kwa sababu jibu lake ndilo linalobeba majibu ya zile nyingine.

SWALI: Assalamu alaikum, Bi. Daktari. Mimi ni mama wa miaka 46, mkaazi wa Nyali. Mwaka 2017 nilikwenda Dubai kununua nguo za biashara, na huko nikadungwa sindano za kujaza mashavu, mikunjo inayotoka puani hadi mdomoni, na mashimo ya chini ya macho. Mwaka uliofuata nikarudia. Niliambiwa kwamba dawa itayeyuka yenyewe kwa muda wa mwaka mmoja, na kadi niliyopewa imepotea siku nyingi. Sasa kila niamkapo, chini ya macho pamevimba kama mtu aliyelia usiku kucha, na karibu na pembe ya mdomo, upande wa kushoto, nikipapasa nagusa kinundu. Nilipopata mafua makali mwezi wa Juni, shavu lote lilivimba siku nne kisha likanywea. Mwenye saluni yangu asema niongeze kidogo ili uso ulingane. Daktari mmoja alitaka kunidunga dawa ya kuyeyusha siku ileile, bila kipimo chochote. Binti yangu naye amesoma kwamba altrasaundi yaweza kuonyesha kilichomo. Mimi altrasaundi naijua ya mimba tu. Nifuate la nani?

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yangu. Shika la binti yako kwanza, kwa kuwa hayo mawili mengine, kuongeza na kuyeyusha, yote ni kutenda kabla ya kujua unachokitendea.

Neno fila limekuwa kama neno sabuni: linajumuisha vitu vingi visivyofanana. Kuna asidi ya hayaluroniki, ambayo ndiyo inayotumiwa zaidi siku hizi; kuna chembe za kalisi zilizochanganywa katika jeli; kuna asidi ya polilaktiki; kuna chembe ndogo za plastiki ya PMMA, ambazo mwili hauwezi kuzimaliza; kuna jeli ya poliakrilamidi; na kuna mafuta ya silikoni, ambayo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, haijapata kuyaidhinisha yadungwe usoni kwa urembo, ilhali yangali yanadungwa kwa siri katika nchi nyingi kwa sababu bei yake ni nafuu. Mdungaji aweza kukutajia jina moja, na ndani ya bomba la sindano mkawamo kitu kingine. Kadi yako ilipopotea, ulipotea nao ushahidi wa maandishi. Uliobaki ni ule ulio ndani ya shavu lenyewe.

Tuseme kwamba ulidungwa asidi ya hayaluroniki, kama inavyoelekea. Hicho ni kitu ambacho mwili hujitengenezea wenyewe; Karl Meyer na John Palmer walikitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1934, kutoka katika ute wa ndani ya jicho la ng'ombe. Ile ya asili mwili huivunja na kuitengeneza upya kila mara, hivyo kwamba kama ungedungwa ilivyo, isingekaa usoni hata juma moja. Kwa hiyo watengenezaji huifunga minyororo yake kwa kemikali ili iwe jeli isiyovunjika upesi. FDA iliidhinisha ya kwanza ya aina hii kwa soko la Marekani, Restylane, mwezi Desemba mwaka 2003, na tangu hapo wagonjwa wamekuwa wakiambiwa kwamba jeli hizi hudumu miezi 6 hadi 18. Aliyekuambia mwaka mmoja hakukusudia kukudanganya. Alirudia lililoaminiwa na wengi, nami pia niliwahi kulirudia. Lakini mwaka 2024 madaktari wa Australia walichapisha uchunguzi wa picha za MRI (mashine ya sumaku) za watu 33 ambao walikuwa wamekaa miaka miwili au zaidi bila kudungwa tena katikati ya uso, na wote walikutwa jeli ingalimo. Uso ukinywea kidogo mtu hudhani fila imekwisha, kumbe kilichokwisha ni ule wingi wa mwanzo, huku masalio yakiendelea kukaa palepale au yakiwa yamesogea.

Hapo ndipo penye asili ya uvimbe wako wa asubuhi. Asidi ya hayaluroniki huvuta maji, na ngozi ya chini ya macho ni nyembamba, maji yake hayaondoki upesi, hasa baada ya saa nyingi za kulala chali na chakula cha usiku chenye chumvi nyingi. Kuhusu mafua, inajulikana kwamba kinga ya mwili ikichochewa na maradhi yaweza kuigeukia jeli iliyotulia miaka mingi, na sehemu hiyo ikavimba kwa siku chache. Jambo kama hilo lilitajwa hata mwaka 2020, katika majaribio ya chanjo ya Moderna ya Uviko-19, ambapo watu wachache waliokuwa na fila walivimba uso baada ya kuchanjwa. Hata hivyo, sitaki uniamini kwa kukisia. Uvimbe wa chini ya macho waweza kuwa mafuta ya umri, mzio, figo au tezi ya shingoni, na hakuna anayeweza kuvitenganisha hivyo kwa kukutazama tu katika kiti cha saluni.

Sasa altrasaundi. Manahodha wetu wa zamani walipokaribia mwamba walitupa bildi kupima kina, na timazi ikipandishwa waliangalia kilichonata chini yake, wakajua kama chini ni mchanga, tope au jiwe. Altrasaundi hufanya kazi inayokaribia hiyo kwa kutumia sauti: probu, yaani kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi, hupeleka mawimbi ndani ya mwili, na kila tabaka hurudisha mwangwi kwa namna yake. Kitu chenye majimaji huyaacha mawimbi yapite, kwa hiyo huonekana cheusi. Kitu kigumu kama mfupa huyarudisha yote, kikaonekana cheupe na nyuma yake pakawa na kivuli. Sikio la mwanadamu halisikii zaidi ya mitetemo 20,000 kwa sekunde. Probu uliyopimiwa mimba hutumia megahezi 2 hadi 5, yaani mitetemo milioni mbili hadi tano kwa sekunde, kwa sababu inatakiwa ifike ndani sana. Kwa ngozi na uso tunahitaji megahezi 15 au zaidi: mawimbi ya namna hiyo hayafiki mbali, lakini huchora kwa ukali hata vitu vya kipimo cha sehemu ya milimita. Ndiyo maana altrasaundi ya mimba, hata ikiwa mashine yake ni mpya kabisa, haiwezi kujibu swali lako kwa probu ile ile.

Katika picha hizo kila fila ina sura yake. Asidi ya hayaluroniki huonekana kama vifuko vyeusi, vya mviringo au vilivyobapa, ambavyo hupungua kadiri miaka inavyopita. Chembe za kalisi ni nyeupe, na hutupa kivuli kama mfupa unavyotupa. Chembe za PMMA ni vitone vyeupe vinavyoburuta mikia mifupi, mfano wa nyota yenye mkia. Mafuta ya silikoni yaliyotawanyika hufunika kila kilicho chini yake kwa weupe ambao wataalamu wa nchi za baridi wameuita dhoruba ya theluji. Sisi ambao hatujaiona theluji tufikirie unga wa ngano uliopeperushwa na feni jikoni. Mtu aliyekwisha kuiona picha hiyo mara moja haisahau, na hushukuru kwamba hakukubali kudunga dawa ya kuyeyusha, kwa sababu hiyo dawa haifanyi kitu kwa silikoni.

Kuna mahali ambapo altrasaundi huteleza, na ni haki yako kupajua. Poliakrilamidi nayo ni vifuko vyeusi, na kwa picha moja yaweza kudhaniwa kuwa asidi ya hayaluroniki. Tofauti hudhihirika mtu anaporudia kipimo baada ya miezi mingi, kwa sababu poliakrilamidi haipungui, au anapodungwa dawa ya kuyeyusha na kifuko kikabaki vilevile. Jeli laini iliyoenea nyembamba ndani ya tishu yaweza isionekane kabisa. Mtu aliyedungwa aina mbili au tatu kwa nyakati tofauti huwa na picha iliyochanganyika. Wala altrasaundi haitaji jina la kampuni. Anayekuambia kwamba ameiona chapa fulani katika skrini amesema zaidi ya alichokiona.

Pamoja na sura ya vifuko, mtaalamu ataiwasha sehemu ya dopla, iliyopewa jina la Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria aliyeieleza kanuni yake mwaka 1842. Hii huonyesha damu inavyotembea. Kinundu ambacho pembezoni mwake pana damu nyingi kuliko kawaida kina uchochezi au maambukizi, na hicho hakitibiwi sawa na kinundu baridi kilichokaa kimya. Dopla pia huonyesha ateri ya uso, yaani mshipa unaoleta damu usoni, imepita wapi, jambo la thamani katika mikunjo ya pua na mdomo, kwa kuwa ateri hiyo haifuati njia moja kwa watu wote: kwa mmoja iko ndani ya misuli, kwa mwingine iko chini tu ya ngozi, mahali hasa pa kupitia sindano.

Ikiwa picha itaonyesha asidi ya hayaluroniki, na ikiwa inakusumbua, iko dawa ya kuiyeyusha, kimeng'enya kiitwacho hayaluronidezi, ambacho hutengenezwa kutokana na korodani za kondoo au ng'ombe, au kwa teknolojia ya seli zenye vinasaba vya binadamu. Uzuri wa kuwa na altrasaundi chumbani ni kwamba daktari aweza kuiona ncha ya sindano ikiingia ndani ya kifuko chenyewe, akatumia dawa kidogo mahali panapostahiki, badala ya kuimwaga shavu zima na kutumaini. Sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha jamii hiyohiyo, kwa hiyo ukiwa uliwahi kuumwa na nyuki ukavimba mwili au ukakosa pumzi, mwambie daktari kabla hajafungua chupa. Na ikiwa kinundu kina joto, wekundu na maumivu, maambukizi hushughulikiwa kwanza.

Huyo daktari aliyetaka kukudunga siku ileile simlaumu sana, kwani pengine ana uzoefu na aliyoyaona usoni pako alikwisha kuyaona kwa wengi. Lakini kwa mtu asiyejua alidungwa nini, miaka hiyo yote imepita, na hakuna dharura, mimi singekubali. La mwenye saluni liache kabisa. Kujaza upande mmoja ili ufanane na upande uliovimba ni kuufuata ugonjwa.

Ukipiga simu katika vituo vya picha vya hapa mjini, usiulize tu kama wana altrasaundi, kwa maana wote watasema ndiyo. Uliza kama wana probu ya ngozi ya megahezi 15 au zaidi, na kama yupo mtu aliyezoea kupima uso. Probu ya tezi na matiti ya megahezi 12 hivi yaweza kuonyesha vifuko vikubwa, na ni bora kuliko kukosa, ila majibu yake ya «hakuna kitu» yasikutulize sana. Na atakayekuhudumia baada ya picha, mtafute jina lake katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ambayo kila mtu aweza kuipekua katika intaneti. Siku ya kipimo nenda umeosha uso, bila poda wala liwa. Kazi yote haichukui nusu saa, na kinachokera ni ubaridi wa jeli tu.

SWALI: Shikamoo, Bi. Daktari. Mimi ni mpiga picha wa altrasaundi katika kituo kimoja cha Tudor. Siku hizi wanakuja akina mama na vijana wakitaka tuwaangalie fila, na chuoni hatukufundishwa hili. Tuna probu ndefu ya megahezi 5 hadi 12, na ile ndogo yenye umbo la gongo la hoki ya megahezi 7 hadi 18. Nianze vipi, na niandike nini katika ripoti nisije nikampotosha daktari?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ambalo wakubwa zako wengi huona haya kuliuliza. Chukua hiyo ndogo, uipandishe hadi mwisho wa nguvu zake.

Kosa la kwanza la mkono uliozoea tumbo ni kukandamiza. Usoni weka jeli nyingi, safu nene inayoonekana juu ya ngozi katika picha, kisha uiegemeze probu bila uzito. Ukikandamiza, vifuko hubapa na mishipa midogo hufungika, dopla ikakuonyesha utulivu ambao haupo. Punguza kasi ya mtiririko katika mipangilio ya dopla, kwa kuwa damu ya mdomo na ya chini ya macho huenda polepole. Na ukumbuke kwamba nyekundu si ateri wala buluu si vena. Rangi hizo zakuambia tu kama damu inaijia probu au inaiacha.

Kabla ya kutafuta fila, jizoeze uso usio na fila. Pima wenzako kituoni, wazee kwa vijana, hadi uweze kuitaja kila tabaka bila kusita: ngozi, mafuta ya juu, utando na misuli, mafuta ya chini, kisha ule mstari mweupe wa mfupa. Wanaoipotosha ripoti mara nyingi hawakukosea fila, walikosea anatomia. Tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, kifuko cha ngozi kilichojaa nta, tezi ya limfu na uvimbe wa mafuta, kila kimoja kimewahi kuandikwa kuwa fila, na fila nayo imewahi kuandikwa kuwa uvimbe wa hatari ikampeleka mtu kukatwa kipande cha nyama bila haja. Pima upande wa pili kila mara, hata mgonjwa akisema hauna tatizo. Fila kwa kawaida hudungwa pande zote mbili, na ulinganifu huo ni shahidi mzuri.

Katika ripoti taja mahali, tabaka, idadi ya vifuko, vipimo kwa milimita katika pande mbili zinazokatana, weusi au weupe wake, kivuli au mkia ulio nyuma yake, damu iliyo pembezoni, na umbali wa ateri iliyo karibu. Kisha andika kwamba sura hiyo inaelekea kuwa ya aina fulani. Neno «inaelekea» si la woga. Ndilo neno la kweli. Ukiona weupe wa ukungu unaofunika kila kitu, andika kwa herufi zinazosomeka kwamba yashukiwa silikoni, maana sentensi hiyo itamzuia daktari asidunge kimeng'enya kisicho na faida.

Ukitaka kusoma zaidi, tafuta maandishi ya Ximena Wortsman, daktari wa Chile ambaye ameeleza kwa picha nyingi sura za fila moja moja, na ya Leonie Schelke na Peter Velthuis wa Uholanzi, walioandika kuhusu kuyeyusha fila huku altrasaundi ikiongoza sindano.

Jambo moja halingoji foleni yako. Akija mtu aliyedungwa siku hiyo au jana yake, naye ana maumivu makali, ngozi imepauka au ina mabaka ya zambarau, hayo ni matatizo ya ateri iliyozibwa. Mwite daktari papo hapo, na mashine ije kumsaidia daktari, isimcheleweshe. Akiwa amepungukiwa na uwezo wa kuona, zinazohesabiwa hapo ni dakika.

SWALI: Bi. Daktari, nina mimba ya miezi mitano, na midomo niliyodungwa kabla ya harusi imeanza kuwa na vinundu. Je, naweza kupimwa altrasaundi ya uso sasa? Na je, nikipimwa nikiwa nimefunga, saumu itaharibika? — Msomaji wa Mji wa Kale.

JIBU: Mwanangu, waweza. Altrasaundi haina mionzi ya eksirei, na mtoto wako amekwisha kupimwa kwayo zaidi ya utakavyopimwa mdomo. Kuyeyusha ndiko kunakoweza kungoja hadi ujifungue, maadamu huna maumivu wala usaha, kwa kuwa hakuna haja ya kumwingiza mtoto katika dawa inayotibu umbo. Huenda hata picha ikaonyesha kwamba vinundu hivyo ni tezi ndogo za mate zilizo ndani ya mdomo wa kila mtu, ambazo ulimi huzigundua siku mtu anapoanza kuwa na wasiwasi. Kuhusu saumu, katika kipimo chenyewe hakuna kinachoingia mwilini: jeli hupakwa juu ya ngozi na kufutwa, ila mwambie mpimaji asikuguse kwa ndani ya midomo. Hukumu ya dini yenyewe muulize sheikh wako. Mimi naijua probu tu.

SWALI: Salaam, Daktari. Mimi ni baharia mstaafu wa miaka 61, naishi Likoni. Nimeishi na VVU miaka mingi. Dawa za zamani ziliniondoa mafuta ya mashavu hata watu wa ferini wakawa wananitazama mara mbili. Mwaka 2006, nikiwa London, nilidungwa asidi ya polilaktiki, na uso ukarudi. Tangu hapo nina punje ndogo ngumu katika shavu la kulia, ambazo hazijakua. Juzi nilipimwa shingo kwa altrasaundi kwa ajili ya tezi, na mpimaji akasema ameona vifuko vyeusi karibu na sikio, akauliza kama niliwahi kudungwa fila. Niliona haya, nikasema sikuwahi. Je, hivyo vifuko ndivyo fila yangu? Na je, nalazimika kumwambia yote?

JIBU: Kaka yangu, ahsante kwa kuandika, maana wengi waliopitia njia yako hawaandiki. Dawa ya stavudini, ambayo ilitumika sana hapa Kenya, ilikuwa miongoni mwa zile zilizokausha mafuta ya mashavu, na Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiache polepole mwaka 2009. Asidi ya polilaktiki iliidhinishwa na FDA mwaka 2004 kwa ajili ya watu wa hali yako hasa, kabla haijaanza kutafutwa na wenye kutaka urembo.

Sidhani kwamba vifuko hivyo ni fila yako. Asidi ya polilaktiki ni jamii ya vitu vinavyotengenezewa nyuzi za upasuaji zinazoyeyuka zenyewe. Huisha yenyewe baada ya muda wa miaka kama miwili, na kilichojaza mashavu yako tangu hapo ni kolajeni, yaani nyuzi za protini za mwili wako mwenyewe, iliyochochewa na dawa hiyo. Kwa hiyo haionekani katika altrasaundi kama vifuko vyeusi. Mara nyingi haionekani kabisa, isipokuwa pale ilipoacha vinundu, na hizo punje zako za miaka mingi zafanana na vinundu vya namna hiyo. Hayaluronidezi haiziyeyushi. Zisipokua, zisipouma, na picha ikaonyesha hazina damu nyingi, ziache zilivyo.

Vifuko vya karibu na sikio vina maelezo mengine ambayo mpimaji asingeweza kuyafikia kwa majibu uliyompa. Watu wanaoishi na VVU huweza kupata vifuko vya majimaji ndani ya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, mara nyingi pande zote mbili, na kwa kawaida si saratani. Mpimaji asiyejua hali yako ataviita fila, au ataviita uvimbe usiojulikana na kukupeleka upasuaji. Kumbe daktari anayejua atavitazama, atalinganisha pande mbili, atapima kiwango cha virusi vyako, na pengine atachukua majimaji kidogo kwa sindano nyembamba ili ahakikishe.

Kwa hivyo rudi, kaka yangu, uombe kuonana na daktari anayesaini ripoti, si mbele ya kaunta bali ndani ya chumba. Mweleze mwaka wa sindano, jina la dawa, na hali yako. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu VVU inamkataza kuitoa siri hiyo. Omba nakala ya picha zenyewe, si karatasi ya ripoti peke yake, na uzipeleke katika kliniki yako ya kila mwezi. Ikiwa tangu kipimo hicho, kimojawapo cha vifuko kimekua, kimeanza kuuma, au upande mmoja wa uso umelegea, usingoje kliniki: nenda hospitali kuu ya Pwani, pale Makadara, siku hiyohiyo.